Safu ya ushauri: Tunatua Bangkok mchana, jioni yetu ya kwanza tuipange vipi?

SWALI

Assalaam alaykum ndugu wa safu hii. Mimi na mume wangu tunauza nguo Tanga mjini. Katikati ya Novemba tunakwenda Bangkok kwa mara ya kwanza kuchukua mzigo wa sikukuu za Desemba. Hoteli tumeshalipia, iko mtaa wa Pratunam karibu na Platinum, lile jengo la maduka ya nguo, maana soko lenyewe liko hapo hapo. Ndege inatua Suvarnabhumi siku ya Jumanne saa 6 na nusu mchana kwa saa za huko, na kazi ya soko tunaianza Jumatano asubuhi.

Swali langu ni hiyo jioni ya Jumanne. Tangu tupate watoto hatujawahi kusafiri wawili peke yetu, na sitaki iishie kitandani tukitazama televisheni. Lakini kila ninayemuuliza ananipa orodha ndefu: Kasri la Mfalme, mtaa wa Wachina, chakula cha usiku ndani ya meli, vyote kwa usiku mmoja. Mume wangu ana miaka 58 na miguu humvimba akikaa sana kwenye ndege. Sisi ni Waislamu, na yeye pilipili kali hawezi. Ninachotaka ni tuone kitu kimoja kizuri, tule vizuri, tulale mapema. Nipangieni saa kwa saa, na mniambie tutembee na pesa kiasi gani.

Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam, mama, na kheri ya safari. Ulichokitaka mwenyewe ndicho sahihi, kwa hiyo hiyo orodha iweke kando. Jioni ya siku ya kutua inataka kitu kimoja cha kuona na sehemu moja ya kula, na iweze kukatishwa dakika yoyote ambayo mmoja wenu atasema "mimi basi, nimechoka". Meli ya chakula cha usiku inashindwa hapo hapo: inang'oa nanga kama saa 1 na nusu au saa 2 usiku, inakaa mtoni karibu saa mbili, na ukianza kusinzia huna pa kushukia. Kasri la Mfalme mlango wa wageni unafungwa saa 9 na nusu alasiri, tena kiingilio ni baht 500 (baht ndiyo pesa ya huko) kwa kila mgeni, kwa hiyo si la kupita mbio. Mtaa wa Wachina, yaani Yaowarat, unapendeza, lakini umebanana watu, na sehemu kubwa ya vyakula vyake ni nguruwe au vimepikwa kwenye kikaango kilichotoka kupikia nguruwe. Uacheni kwa usiku mwingine.

Tunachowapendekezea ni mto Chao Phraya wakati jua linazama, kisha chakula cha Waislamu wa Kithai katika kichochoro kilicho njiani mwa kurudi hotelini. Njia yote ni treni na boti, na toka mwanzo hadi mwisho hamtakaa kwenye foleni ya magari.

Kwanza mjue saa. Bangkok iko mbele ya Tanga kwa saa nne. Jua likizama kule, mwili wako unadhani ni saa 8 mchana. Saa 4 ya usiku wa kule kwenu ni saa 12 jioni, hujafikiria hata kulala. Lakini usiku wa kuamkia hapo mtakuwa mmeupoteza ndani ya ndege, kwa hiyo uchovu upo, ila umekaa vibaya. Wengi wanaharibu hapa: wanafika hotelini alasiri, wanajitupa kitandani "kidogo tu", wanaamka saa 2 usiku, halafu macho makavu mpaka saa 10 alfajiri, na soko linawasubiri. Lala dakika 30, zisizidi 40, simu iwekwe mbali na kitanda ili lazima mtu ainuke kuizima.

Sasa uwanja wa ndege. Kabla ya kuondoka nyumbani jazeni fomu ya kuingilia nchini ya mtandaoni iitwayo TDAC, iliyoanza tarehe 1 Mei 2025. Inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kutua na haina malipo. Tovuti ikidai pesa, si ya serikali ya Thailand, ifungeni. Cha pili ni cheti cha homa ya manjano, kile kijitabu cha njano. Abiria wanaotoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki wanapaswa kupita kwanza kwenye dawati la afya, ambalo liko kabla ya uhamiaji. Asiyejua hilo anapanga foleni ya uhamiaji, anafika dirishani, anarudishwa nyuma kwenda kugongewa muhuri, halafu anaanza foleni upya. Mkiona kibao cha Health Control, kateni kona huko kwanza. Vijitabu viwe mkononi, visiwe ndani ya begi la chini ya ndege.

Pesa msibadilishe kwenye madirisha ya kwanza mnayokutana nayo ukumbi wa kuwasili. Shukeni mpaka ghorofa ya chini kabisa, inayoandikwa B, kunakopandiwa treni. Maduka ya kubadilisha fedha ya huko, SuperRich wakiwemo, yanatoa bei nzuri kuliko ya juu. Chukueni dola, noti za 100 zisizo na mikunjo, michoro wala kuchanika, kwa sababu noti chafu hukataliwa na noti ndogo hupewa bei ya chini. Dola 100 itawapa zaidi kidogo ya baht 3,000, na hiyo inatosha kabisa kwa Jumanne. Mashine za ATM zinakata ada ya baht 220 au zaidi kila mkitoa kwa kadi ya nje, mbali na makato ya benki yenu. Laini ya simu nunueni hapo hapo uwanjani, wataomba pasipoti. Bila intaneti mpango huu unakuwa mgumu.

Kutoka uwanjani pandeni treni iitwayo Airport Rail Link. Mnakwenda na mabegi matupu, kwa hiyo haina taabu. Shukeni Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya mwisho. Nauli ni baht 40 kwa mtu na mwendo ni chini ya nusu saa. Mtapewa kisarafu cha plastiki badala ya tiketi: unakigusisha getini unapoingia, unakitumbukiza unapotoka. Kutoka Ratchaprarop hadi Platinum ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, lakini njia za waenda kwa miguu Pratunam zimejaa meza za wachuuzi na mabegi ya magurudumu yanakwama. Miguu ya baba ikiwa imechoka, iteni Bolt, ni programu ile ile inayotumika Dar. Teksi ya mita nayo ipo kama mnaitaka tangu uwanjani: inaanzia baht 35, mnaongeza baht 50 ya uwanja na ushuru wa barabara ya juu. Kurudi Dar mkiwa na mzigo ndiyo mtaihitaji.

Foleni zikienda vizuri, saa 9 na robo mko chumbani. Ogeni, laleni zile dakika 30, mnywe maji, na saa 10 na dakika 20 mko mlangoni. Katikati ya Novemba jua la Bangkok linazama kama saa 12 kasoro dakika 10. Mkichelewa nusu saa mmelikosa, ndiyo maana tumekaza hapo.

Tembeeni kwa kufuata barabara ya Phetchaburi mpaka kituo cha Ratchathewi cha treni ya juu, BTS. Tiketi ni kadi ya kutoka mashineni, takriban baht 40 hadi Saphan Taksin. Pandeni inayokwenda upande wa Siam, kituo kimoja tu, mshuke. Hapo Siam msipande wala msishuke ngazi: treni ya Silom inayokwenda Bang Wa inasimama upande wa pili wa jukwaa hilo hilo. Vukeni, pandeni, hesabuni vituo sita, cha sita ni Saphan Taksin. Kiyoyozi cha treni hizo ni kikali, kwa hiyo mtandio uwe begani.

Mkitoka Saphan Taksin gati la Sathorn liko chini ya daraja, mbele yenu. Kabla hamjalifikia mtapokelewa na watu wenye picha za mahekalu mikononi, wakisema boti za kawaida zimekwisha au zimejaa, ila wao wana boti ndefu ya kukodi. Bei yao huanzia mamia ya baht na hupanda hadi zaidi ya elfu. Msibishane nao, piteni. Ndani ya gati kuna boti za aina mbili zinazowafaa. Ya bendera ya chungwa ni ya wananchi, nauli moja baht 16 popote uendapo, mnalipa humo ndani. Ya bendera ya buluu ni ya watalii, bei iko juu, ila viti vinapatikana zaidi. Saa 11 jioni wafanyakazi wanaanza kurudi makwao upande wa Nonthaburi, na ile ya chungwa inajaa watu wamesimama. Kwa ajili ya miguu ya baba tungelipia ya buluu. Mkipata ya chungwa yenye nafasi, pandeni bila wasiwasi: kondakta wake, mara nyingi mwanamke, anapita na mkebe mrefu wa chuma anaoufungua na kuufunga kwa kishindo kama konda wa daladala anavyochezesha sarafu. Humo ndimo anamoweka chenji na kukatia tiketi kwa makali ya kifuniko. Mpeni noti ndogo, noti ya 1,000 itamtesa. Kaeni upande wa kushoto wa boti inapopanda mto, na msisimame mlangoni nyuma, maana boti haifungwi kamba muda mrefu. Watu wanaruka kuingia na kutoka, na injini inarusha maji.

Shukeni gati la Tha Tien. Boti ikiwashusha ng'ambo, upande wa hekalu la Wat Arun, si kosa, kuna kivuko cha baht 5 cha kuwarudisha upande wa mashariki. Upande huo ndio mnaoutaka, kwa kuwa Wat Arun iko magharibi na jua linazama nyuma yake. Mnara wake una zaidi ya mita 60, umepambwa toka chini hadi juu kwa vipande vya vyombo vya kaure vya China, maua na majani yaliyoundwa kwa sahani zilizovunjika. Jua likiwa bado lipo vipande hivyo vinang'aa, likishazama mnara unabaki kivuli cheusi kwa muda, halafu taa zinawashwa na unageuka wa dhahabu. Migahawa ya ghorofani inayoutazama ni ghali, inauza pombe na inataka mwekeshe meza mapema. Hamuihitaji. Kaskazini kidogo ya gati, kwenye barabara ya Maharat, kuna bustani ndogo ya wazi iitwayo Nagaraphirom, imekaa ukingoni kabisa mwa mto. Baba akae, anyooshe miguu, na wewe upige picha zako.

Ikifika saa 12 kamili jioni mkiwa kituoni, bustanini au sehemu nyingine ya umma, wimbo wa taifa unaweza kupigwa kwenye vipaza sauti, na watu wote wanasimama pale pale walipo. Simameni nao mpaka uishe. Na picha za mfalme, hata iliyo kwenye noti, msizifanyie mzaha wala msizikanyage. Sheria yao juu ya hilo ni kali.

Kosa kubwa la jioni hii linatokea sasa: watu wanataka kurudi kwa boti ile ile. Boti za chungwa huisha mapema jioni, giza likishaingia gatini wanabaki madereva wa bajaji, ambazo huko huitwa tuk-tuk, na bei yao kwa mgeni aliyekwama mnaweza kuikisia. Nyinyi rudini kwa treni ya chini ya ardhi, MRT. Kutoka Tha Tien mpaka kituo cha Sanam Chai ni dakika 10 polepole, mkiufuata ukuta wa hekalu la Wat Pho. Kituo hicho kilifunguliwa 2019 na kimejengwa kwa mfano wa ukumbi wa kasri, nguzo na dari vimenakshiwa, kwa hiyo msikipite kwa haraka. Kituo cha tano kutoka hapo ni Si Lom. Shukeni, pandeni juu hadi BTS Sala Daeng, mwende Siam, mvuke tena jukwaa, na kituo kinachofuata ni Ratchathewi. Mmoja wenu akichoka kabla ya hapo, kila kituo cha njiani kinaweza kuwa mwisho wa jioni: tokeni nje, iteni gari, mlale.

Chakula sasa. Hatua chache kutoka Ratchathewi kuna kichochoro cha Phetchaburi Soi 7, na ndani yake msikiti wa Darul Aman. Mtafika kama saa 1 na robo usiku, Isha imeshaingia. Mkitumia ruhusa ya msafiri, mnaweza kukusanya Magharibi na Isha hapo hapo kabla ya kula. Kibla cha Bangkok ni magharibi, kimeelekea kaskazini kidogo tu. Nyinyi mliozoea kuelekea kaskazini Tanga, msijiamulie kwa mazoea hotelini, tazameni mshale wa darini au muulize.

Kichochoro chote kimejaa migahawa na mikokoteni ya Waislamu. Tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, yenye neno halali kwa Kiarabu. Baba aagizwe khao mok gai: wali wa manjano wenye bizari, kuku amefunikwa ndani, juu vitunguu vya kukaanga, kando matango na mchuzi wa kijani. Wali wenyewe hauna ukali, pilipili iko kwenye huo mchuzi, aonje kwa ncha ya kijiko. Satay ni mishikaki midogo, inakuja na mchuzi mzito wa karanga na achari ya matango. Huwa mitamu kuliko mikali. Mataba ni ile mnayoijua Zanzibar kwa jina la mantabali, unga mwembamba umekunjwa na nyama na yai ndani. Cha kuogopa ni supu ya mkia wa ng'ombe. Inapendeza macho, mchuzi mweupe na ndimu, lakini zile pilipili ndogo zimepondwa humo ndani na huwezi kuzitoa. Kuomba chakula kisicho na pilipili semeni "mai phet", na jueni kwamba kisicho na pilipili kwa Mthai bado kina kidogo. Nje ya kichochoro hiki mkiulizia nguruwe, "mai sai mu" ni kusema asitiwe, ila haisafishi kikaango.

Maji yawe ya chupa. Barafu ya mviringo yenye tundu katikati inatoka kiwandani, haina neno. Barafu iliyopasuliwa vipandevipande kutoka kwenye bonge iacheni usiku wa kwanza, pamoja na som tam, yaani saladi ya papai bichi, yenye kaa mbichi. Chai ya rangi ya chungwa yenye maziwa na barafu ni tamu sana, lakini ni chai nzito. Mkiinywa saa 2 usiku mtaisikia saa 7. Malizeni na roti ya ndizi na maziwa mazito. Wawili mkishiba kweli mtakuwa mmetumia baht 300 hadi 400.

Mkitoka hapo, hoteli iko umbali wa kutembea, na njiani na kuzunguka Pratunam kuna maduka mengi ya kukanda miguu. Saa moja ya miguu peke yake ni baht 250 hadi 400, bei imebandikwa mlangoni, na baht 50 ya ahsante kwa mkandaji. Chagueni duka la wazi la mbele lenye viti vya kulalia. Mkandaji wa mwili mzima anakunja na kubana sana, na mmekula sasa hivi, kwa hiyo iwe miguu tu na mseme taratibu. Ila mwangalie baba kwanza. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa baada ya ndege, kutembea na kuinyanyua juu ya mto kunatosha. Mguu mmoja tu ukivimba, shavu la mguu likiuma na kuwa na joto, huo usikandwe kabisa. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Saa 4 muwe mmezima taa, hata kama usingizi hauji.

Kwa hesabu, jioni nzima ya watu wawili, nauli zote, kula na kukandwa miguu, haifiki baht 2,000. Tembeeni na 2,500 katika noti za 20 na 100, pasipoti zibaki kwenye sefu ya chumba na nakala iwe kwenye simu. Usiku wa maeneo haya una watu wengi na mwanga, hofu kubwa ni vyombo vya moto. Magari yanapita kushoto kama kwetu, lakini pundamilia haiwasimamishi, na pikipiki zinapanda mpaka kwenye njia ya miguu. Tumieni madaraja ya juu. Mtu nadhifu akiwaambia hekalu limefungwa leo na bajaji yake itawapeleka kwingine kwa baht 20, mwisho wa safari hiyo ni duka la vito au fundi wa suti.

Mambo mawili yanaweza kubadilisha mpango. Novemba huwa na sikukuu ya Loy Krathong, usiku wa mwezi mpevu, wakati watu wanapoweka vikapu vya maua vielee mtoni. Tarehe hubadilika kila mwaka, iangalieni. Ikiangukia Jumanne yenu, magati na vituo vya mtoni vitafurika na baba hatapata pa kukaa, hivyo uacheni mto. Na ndege ikichelewa mkafika hotelini baada ya saa 10 na nusu jioni, jua msilikimbilie. Nendeni kwa miguu moja kwa moja Soi 7, mle, mkandwe miguu, mlale; Wat Arun inawaka taa kila usiku, na treni za kwenda huko Jumatano ni zile zile.